Mtoto wa Hapa Mbele ya Mkutano Mkuu: Asili ya Kiongozi na Uwajibikaji Wake Kijijini

Uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia nchini Tanzania, sifa ya mgombea uenyekiti wa kijiji inayotangulia nyingine zote ni kwamba yeye ni mtoto wa hapa. Amezaliwa hapa, amesoma shule ya msingi ya hapa, wazazi wake wamezikwa hapa. Wapiga kura huichukulia sifa hiyo kama ahadi: mtu wa namna hii hawezi kutuuza. Makala haya yanadai kwamba asili humpa kiongozi maarifa, lakini haimpi mtu yeyote dhamana ya uaminifu wake. Dhamana hiyo hutolewa na mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ukidhoofika, undugu uleule unaosifiwa jukwaani hugeuka maficho.

Sheria yenyewe haiulizi mgombea amezaliwa wapi. Inataka awe mkazi wa kijiji, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, ana kipato halali, na amedhaminiwa na chama cha siasa. Kuweka ukazi mahali pa uzawa kulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi yenye historia kama yetu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali amri, na kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Wengi wanaojiita wenyeji leo ni watoto na wajukuu wa watu walioteremshwa kwenye malori wakaoneshwa viwanja. Katika vijiji hivyo, kudai uenyeji wa tangu enzi ni kufuta kumbukumbu ya juzi tu.

Hata hivyo, maarifa ya mwenyeji yana thamani ambayo hakuna semina inayoweza kuifidia. Chukua mgogoro wa mpaka wa shamba. Ramani hakuna, hati hakuna. Kuna safu ya minyaa iliyopandwa na wazee wawili ambao wote wameshafariki. Mwenyekiti aliyekulia pale anajua mnyaa upi uling'olewa ukapandwa upya mwaka wa mvua kubwa, na nani alikuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliyatambua maarifa ya aina hii: iliikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ikaruhusu hati za hakimiliki ya kimila, na ikaunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake.

Tatizo ni kwamba maarifa hayohayo yanafaa pia kwa dhuluma. Anayejua mipaka yote anajua vilevile mjane yupi hana mtetezi, mrithi yupi yuko Dar es Salaam na hajarudi kwa miaka, na eneo lipi la malisho halijapimwa. Sheria ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Lakini mnunuzi mara nyingi haulizii muhtasari wa mkutano, anauliza muhuri. Sehemu nyingi, hasa pembezoni mwa miji, mwenyekiti hudai asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mauziano, desturi isiyo na msingi wowote wa kisheria. Mauziano ya aina hiyo hufanyika sebuleni, mashahidi wawili na kidaftari, na wanakijiji hushtukia trekta shambani. Aliyegonga muhuri ni mtoto wa hapa.

Ushahidi ulio bora zaidi katika hoja hii ninaupata Babati, kwenye msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000 na kuzungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa katika mchakato wa kuufanya hifadhi yake. Wananchi walipinga, na wakati huohuo ukataji ukashika kasi, kwa kuwa kila mtu aliona ni afadhali achukue chake kabla msitu haujachukuliwa wote. Katikati ya muongo huo mpango ukabadilishwa. Kila kijiji kikapewa sehemu yake ya msitu, kikaweka kanuni zake za nani akate nini na wapi, kikateua vijana wake kulinda, na kanuni hizo zikapitishwa kuwa sheria ndogo. Msitu ukaanza kurudi. Uzoefu huo ulichangia kuandaliwa kwa Sheria ya Misitu ya 2002, inayovitambua vijiji kuwa wamiliki wa misitu iliyo kwenye ardhi yao.

Tuzingatie kisichobadilika katika kisa hiki. Viongozi wa vijiji walikuwa wenyeji wakati msitu ukikatwa, na walikuwa wenyeji wakati ukilindwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na mamlaka ya kweli juu ya kitu cha kweli, na kanuni walizosimamia zilikuwa zimepitishwa mbele ya watu waliowajua kwa majina. Hapo ndipo mapenzi kwa kijiji yalipopata mahali pa kujionesha.

Kwa msingi huo, kusifia moyo wa kujitolea wa wenyeviti bila kutazama mazingira yao ni kuwaonea. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa na ana mshahara. Mwenyekiti hana, posho yake hutegemea hali ya mfuko wa halmashauri, na huku nyuma anaamshwa usiku kwa ugomvi wa mume na mke, anaandika barua za utambulisho, anapokea wageni wa wilaya. Kazi isiyolipwa huwafaa watu wa aina mbili: wenye mali tayari, na wanaojua muhuri utawalipa. Mkulima mwadilifu wa ekari mbili hujiondoa mwenyewe.

Jambo lililobaki ni ushindani, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Mwaka 2019 vyama vya upinzani, CHADEMA kikiwa mbele, vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Mwaka 2024 CCM, chama tawala, ilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji. Anayejua kiti chake kimeamuliwa kwenye kura za maoni za chama atawajibika kwa wajumbe wa chama, na mkutano mkuu wa kila robo mwaka atauahirisha bila hofu. Mapato na matumizi hayatasomwa, na hakuna atakayeyaulizia mara ya tatu.

Tangu mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, imeshasema kwamba kuzuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia. Mjadala wetu juu ya hukumu hiyo umezama kwenye urais na ubunge. Ungeanzia kwenye kitongoji. Pale majirani wanamjua mgombea tangu utotoni, wanajua anavyolipa madeni na alivyogawa mirathi ya baba yake, na hakuna sababu yoyote ya msingi ya kuwataka wasubiri chama kiwadhaminie mtu ambaye wao wenyewe wangemdhamini.