Ardhi Adimu: Historia ya Jina na Nuru Yake

Istilahi hurithi makosa ya waliotangulia kuitumia. Mfano mmoja ni «ardhi adimu».

Mwaka 1787 Carl Axel Arrhenius aliona jiwe jeusi zito katika machimbo ya Ytterby, Sweden. Mwaka 1794 mkemia Johan Gadolin alilichambua akapata «ardhi» mpya. Wakati huo wakemia waliita ardhi oksidi zisizoyeyuka majini wala kubadilishwa na moto. Adimu ziliitwa kwa kuwa zilionekana mahali pachache. Leo yafahamika kuwa asili yake ni metali, na mojawapo, seriamu, hukaribia shaba kwa wingi katika ganda la dunia.

Sifa kubwa ya metali hizo ni nuru. Mwaka 1964 Albert Levine na Frank Palilla wa Marekani walitangaza unga wa vanadati ya itriamu uliotiwa uropiamu kidogo, ukaipatia televisheni wekundu uliokolea. Mwaka 1966 François Auzel wa Ufaransa alieleza jinsi iterbiamu inavyopokea miale ya infraredi na kuipa erbiamu nguvu yake, nayo erbiamu ikatoa nuru ya kijani. Siku hizi hutengenezwa chembe za namna hiyo zenye upana wa nanomita makumi tu. Aghalabu chumvi za itriamu, pamoja na iterbiamu kama asilimia 20 na erbiamu asilimia 2, hupikwa na floridi katika asidi ya oleiki kwa nyuzi 300 hivi. Kisha chembe humulikwa kwa infraredi na nuru yake hupimwa. Kwa kuwa infraredi hupenya nyama, waganga huzichunguza kama alama za kuonyesha ugonjwa mwilini.

Tendo hilo la kutia kidogo tuliiteje? «Kuchanganya» hakuonyeshi uchache. «Kughushi» kuna hila. Jikoni tunalo neno: kukoleza. Chumvi kidogo hukoleza mchuzi mzima, na erbiamu kidogo huikoleza fuwele. Vilevile chembe hizo zing'ae, zisiwake, maana hazina moto.

Suala hili si la maabara pekee. Metali hizo zimo Ngualla nchini Tanzania na Mrima nchini Kenya. Mwananchi asomaye «ardhi adimu» katika mkataba aweza kudhani kinachouzwa ni udongo. Yafaa basi tuseme lanthanidi, itriamu na skandiamu zikitajwa kwa majina yao, na «ardhi adimu» tuiachie historia.