Masihi Aliyengojewa Yemen

Ndugu msomaji, je, wajua kuwa Mayahudi nao huamini kufufuliwa? Mwanachuoni wao Musa bin Maimun, tabibu wa Misri aliyeandika kwa Kiarabu, alitaja misingi 13 ya imani yao. Wa 12 ni kuja kwa Masihi, wa 13 ni kufufuliwa wafu.

Sasa sikiza. Karibu mwaka 1172 Mayahudi wa Yemen walilazimishwa kuacha dini yao. Katika dhiki hiyo akazuka mtu akidai zama za Masihi zimefika. Wakamuuliza Musa, naye akawaandikia: huyo ni mgonjwa wa akili, subirini.

Baadaye, asimulia Musa, mtu yule alikamatwa. Akamwambia mfalme: nikate kichwa, nitafufuka. Akakatwa. Hakufufuka, na wengine bado wakamngojea.

Tusiwacheke, ndugu. Mfa maji haachi kutapatapa.