Mtoto anajibu vizuri kwa mdomo, daftarini anafeli? Huenda siyo uvivu

Ukimuuliza swali la sayansi, anajibu bila kusita. Ukimwambia aandike jibu hilohilo, dakika kumi zinapita na ana mistari miwili tu. Daftari limejaa wino mwekundu: "Ongeza bidii." Nyumbani anaitwa mvivu.

Kumbe huenda mtoto huyo ana disigrafia, yaani tatizo la kujifunza linalogusa uandishi. Haina maana kwamba hana akili.

Mtu anapoandika, ubongo unafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja: kukumbuka umbo la herufi, kupanga sauti za neno, kuongoza vidole na kushikilia wazo. Kwa mtoto huyu, nguvu zote zinaishia kwenye herufi, wazo linapotea njiani.

Mwongozo wa madaktari wa afya ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unasema matatizo ya kujifunza kusoma, kuandika na hesabu, yakijumlishwa, huwapata asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa umri wa shule. Katika darasa la watoto 60, hao ni 3 hadi 9.

Dalili za kuangalia

• Anaruka herufi: "mkuba" badala ya "mkubwa", "gombe" badala ya "ng'ombe".
• Anaunganisha maneno: "mamaamekwendasokoni".
• Anachanganya herufi kubwa na ndogo, nyingine zinatoka nje ya mstari.
• Anabana penseli kwa nguvu na mkono unamuuma mapema.
• Ubao unafutwa kabla hajamaliza kunakili.

Usiwe na haraka ya kumpa jina la tatizo. Mtoto wa miaka 5 au 6 kugeuza b na d ni kawaida. Pia anayefundishwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani anahitaji muda. Tafuta msaada kama dalili kadhaa zimeendelea kwa miezi 6 au zaidi ingawa anafundishwa.

Fanya haya nyumbani

Anza na macho na masikio. Mpeleke akapimwe, maana asiyeona ubao vizuri naye hukosea kunakili.

Vidole vipe mazoezi ya kila siku: kuchambua mchele, kufinyanga udongo, kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio. Mwache achore herufi kubwa kwenye mchanga kabla ya kurudi kwenye daftari. Akikaa kuandika, miguu ifike chini.

Kabla ya kuandika insha, akusimulie kwanza. Unaweza kumrekodi kwa simu, kisha asikilize na kuandika sentensi mojamoja. Dakika 10 kila siku zinatosha kuliko saa nzima ya machozi.

Na fimbo? Haimfundishi herufi hata moja. Inamfundisha kuogopa daftari.

Ongea na mwalimu

Nenda shuleni na daftari mkononi, siyo na lawama. Omba mambo machache: akae karibu na ubao, aongezewe muda, apewe nakala ya maelezo asinakili yote, na wakati mwingine ajibu kwa mdomo. Mwalimu anaweza kutoa alama za wazo kando na alama za mwandiko.

Uliza pia kama shule au kata ina mwalimu wa elimu maalumu, kama wanaosomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Hospitali kubwa nazo zina wataalamu wa tiba kwa vitendo wanaosaidia watoto kutumia mikono. Kama mitihani ya taifa inakaribia, zungumza na mwalimu mkuu kabla ya usajili kuhusu utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu.

Disigrafia haiponi kwa dawa, lakini mtoto akisaidiwa mapema anaandika vizuri zaidi. Leo jioni, kabla ya kuhesabu makosa daftarini, mwambie akueleze alichotaka kuandika. Huenda jibu analo.