Kerezo na Makali ya Ufipa

Mtu wa Sumbawanga ajipatiaye kerezo jipya, akakereza bakuli na miguu ya viti kwa kujifurahisha jioni, huvutiwa na mzunguko wa mti. Lakini mzunguko peke yake haukati. Hukata makali ya patasi.

Huko pwani, hasa Lamu, mafundi walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la upinde. Ufipani mti ulichongwa kwa tezo na shoka, na chuma cha makali hayo wenyeji walikifua wenyewe. Waliyeyusha mawe ya mtapo katika malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizojivutia hewa bila mivukuto. Kisha walikisafisha chuma katika tanuri ndogo iliyovukutwa.

Zama za ukoloni majembe ya Ulaya yalienea, na malungu yakazimika. Jembe la dukani lilifika limekwisha kufuliwa; halikumhitaji kijana akeshe tanurini akijifunza. Hapo ndipo ujuzi ulipokatika. Mabaki ya malungu yangaliko. Mwanafunzi anayenoa patasi ya kerezo na ayatazame, ajue kwamba mashine ni ngeni, lakini makali yana wazee wake hapa hapa.