Jiwe la Shinkolobwe



Leo tunazungumza juu ya jiwe. Lilitoka Shinkolobwe, upande wa magharibi wa Likasi, katika Katanga. Wengi wamesikia jina hilo likitajwa kwa minong'ono, kama mahali pa uchawi. Mmoja anasema huko kuna utajiri uliofichwa, mwingine anasema ukikanyaga udongo wake utakufa siku ile ile. Palipo na uvumi wa namna hiyo, jirani huanza kumwogopa jirani. Basi tuanze na jiwe lenyewe.

Kila kitu, chumvi, maji, hata mwili wako, kimejengwa kwa vipande vidogo sana viitwavyo atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini. Viini vya shaba na vya dhahabu tunavyovichimba vimetulia, havibadiliki. Lakini kiini cha urani ni kizito mno, kinashindwa kujishika. Mara kimoja hapa, mara kingine pale, kinatupa kipande chake nje na kugeuka kuwa kitu kingine. Kutupa huko ndiko kunaitwa radioaktivite, na kinachotupwa ni mionzi. Uweke jiwe motoni au majini, halitaharakisha wala halitaacha. Ukiwa na kilo moja ya urani leo, nusu yake itakuwa ingalipo baada ya miaka milyari 4 na nusu. Urani inapogeuka inazaa watoto, na watoto wale wana haraka kuliko mama yao. Radiumu inapungua nusu kwa miaka 1,600. Radoni, ambayo ni hewa isiyoonekana wala kunuka, inapungua nusu kwa siku karibu 4.

Mionzi yenyewe ina aina tatu. Alfa inazuiwa na karatasi tu, hata na ngozi ya mkono. Beta inazuiwa na kipande cha alumini. Gama inapita mwili mzima, nayo inataka ukuta mnene wa risasi au wa zege. Utaniambia: basi alfa si kitu. Angalia hapa. Alfa ikiwa nje, ngozi inakulinda. Lakini ukivuta vumbi la jiwe lile, au ile radoni inayokusanyika ndani ya shimo, alfa imekwisha kuingia kwenye pafu, na pafu halina ngozi ya kulikinga. Ndiyo maana mchimbaji anaweza kurudi nyumbani jioni akiwa mzima kabisa, na kansa ya mapafu ikaja miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka shimo. Hapo ndipo watu wanaanza kutafuta nani amemroga.

Usifikiri wenye elimu walijua zaidi. Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aliona kwamba chumvi ya urani ilitia alama kwenye bamba la picha lililofungwa gizani. Mwaka 1898 Marie Curie na mume wake Pierre wakapata radiumu. Waliishika kwa mikono mitupu, wakafurahia kuiona inang'aa usiku. Marie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na madaftari yake yana mionzi mpaka leo.

Waganga waliitaka radiumu kwa kutibu kansa, na bei yake ilikuwa kubwa ajabu. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Rich Sharp, aliyefanyia kazi kampuni ya Union Minière, alikuta jiwe la Shinkolobwe. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na jiwe likawa linasafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, kutolewa radiumu. Urani iliyobaki ilikuwa karibu takataka, waliitumia kutia rangi vioo na vyombo vya udongo.

Na mikono ilikuwa ya nani? Union Minière iliandika wafanyakazi Katanga yenyewe, Kasai, Ruanda-Urundi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walikaa pamoja kambini, na Kiswahili hiki unachokisoma kilikuwa lugha yao ya kusikilizana. Shika neno hili, tutarudi kwake.

Mwisho wa mwaka 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga urani kwa nyutroni, wakakuta vitu wasivyovitegemea. Lise Meitner, mwenzao aliyekimbilia Sweden kwa sababu alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alifikiri pamoja na mpwa wake Otto Frisch, wakaeleza: kiini kimepasuka vipande viwili. Kikipasuka kinatoa nguvu nyingi na nyutroni nyingine, nazo zinapasua viini vingine. Mwezi wa nane 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Barua ile ilitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha urani.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ametuma tani kama 1,200 za jiwe New York mwaka 1940. Mwezi wa tisa 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimtembelea, na biashara ikaisha upesi. Mawe ya kwingine mara nyingi hayakufika hata sehemu 1 ya urani katika 100; yale ya Shinkolobwe yaliyotumwa yalikuwa na kama 65. Mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena, kwa siri. Wachimbaji walichagua mawe kwa mikono, wakayatia katika magunia. Hakuna aliyewaambia yanakwenda kufanya nini.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1945 bomu liliangushwa Hiroshima. Ndani yake mlikuwa na kilo 64 za urani, na iliyopasuka haikufika kilo 1. Hata mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Kati yao walikuwamo Wakorea wengi, waliopelekwa Japani kufanya kazi kwa nguvu. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani ilitoka kwetu.

Sasa turudi Likasi. Mwaka 1992 na 1993, watoto na wajukuu wa watu waliotoka Kasai waliambiwa kwamba wao ni wageni. Walifukuzwa kazini na nyumbani. Familia nzima zililala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengine walifia palepale. Waliofukuza na waliofukuzwa, wazee wao walivuta vumbi lilelile. Mimi sijui namna mtu anavyoweza kupima pafu na kusema hili ni la Kasai, hili ni la Katanga.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960 na mashimo yakazibwa kwa zege. Lakini miaka ya mwisho ya 1990 njaa iliwarudisha watu, safari hii wakitafuta kobalti, na urani imo ndani ya jiwe lilelile. Mwezi wa kwanza 2004 serikali ilipiga marufuku; mwezi wa saba shimo likabomoka na kuua watu.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuletea sanduku usiku na kusema ni urani ya kuuza, usilifungue wala usiliweke chini ya kitanda. Aliyechimba asiingie ndani na nguo za shimoni, avulie nje, aoge, ndipo abebe mtoto. Jiwe la pale lisijengewe ukuta wa nyumba. Na ukiwa na mzee aliyefanya kazi huko naye anakohoa damu, mpeleke kwa mganga wa hospitali, mwambie alikaa shimoni miaka mingapi. Asipoambiwa hataliuliza.