Pumziko la Msafiri: Mji wa Dhahabu na Makaburi Yake

Katika milima ya mashariki ya Afrika Kusini, jimbo la Mpumalanga, upo mji mdogo uitwao Pilgrim's Rest, yaani Pumziko la Msafiri. Zamani ulikuwa mji wa dhahabu. Leo umehifadhiwa kama urithi wa taifa. Mgeni huutembelea kwa miguu, bila kiongozi. Hufuata barabara moja ndefu kutoka mtaa wa juu hadi mtaa wa chini, akisoma vibao mbele ya nyumba za mbao na mabati. Matembezi hayo yana somo kwa Kanisa letu, hasa kwa sharika zilizo katika maeneo ya machimbo.

Mwaka 1873 mchimbaji Alec Patterson, aliyejulikana kwa toroli lake la kubebea vifaa, alipata dhahabu katika mchanga wa kijito cha mahali hapo. Habari zikaenea, watu wakamiminika, mahema yakajaa bondeni. Husimuliwa kwamba jina la mji lilitoka kwa wachimbaji waliochoka kuhama machimbo hadi machimbo, wakaona kwamba hapa ndipo pa kupumzikia.

Lakini hawakupumzika kwa muda mrefu. Dhahabu ya mchangani, inayopatikana kwa karai na koleo, ilipungua. Ile ya ndani ya miamba ilidai mashine na mtaji, na mchimbaji mdogo hakuwa navyo. Makampuni yakachukua vitalu, na mwaka 1896 yakaungana kuwa kampuni moja kubwa, Transvaal Gold Mining Estates. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mgodi ulifungwa. Kilichobaki ni nyumba na kumbukumbu. Hivyo ndivyo Ayubu 28 inavyotufundisha: mwanadamu anajua kuifuata dhahabu hadi gizani mwa ardhi, lakini hekima haichimbwi.

Katika matembezi hayo mgeni hupita kanisa la Anglikana la mwaka 1884. Hupita pia hoteli ya zamani ambayo baa yake, kwa masimulizi ya wenyeji, ilikuwa kanisa dogo mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, kabla ya kubomolewa na kusafirishwa. Wageni hucheka wakisikia habari hiyo. Sisi tunaichukua kama onyo: pesa inapotawala mahali, hata mbao za madhabahu hupata kazi nyingine.

Kituo kinachotugusa zaidi kiko mlimani, kwenye makaburi. Kaburi moja limelazwa kaskazini-kusini, kinyume cha mengine yote. Jiwe lake halina jina la mtu. Limeandikwa tu kwamba ni kaburi la mwizi. Inasemekana aliiba katika mahema, akafukuzwa, akarudi, akapigwa risasi. Wakristo kwa desturi ya kale huwalaza wafu wao wakielekea mashariki, wakiungoja ufufuo. Wachimbaji wale walimnyima mwenzao hata mwelekeo huo wa tumaini. Injili ya Luka, sura ya 23, nayo haitupi jina la mhalifu aliyesulubiwa kando ya Bwana wetu. Tunamjua kwa kosa lake tu. Hata hivyo huyo ndiye aliyeahidiwa Paradiso siku ileile. Binadamu walimgeuzia mwizi kaburi. Kristo alimgeukia mwizi.

Wapo pia wasio na hata jiwe la aibu. Migodi ya Afrika Kusini ilichimbwa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika. Nyumba ya meneja wa Pilgrim's Rest, iitwayo Alanglade, ingalipo na samani zake. Kibarua hakuacha jumba la kutembelewa. Kwetu hili si jambo la mbali. Wazee wa Rungwe na Kyela wanalikumbuka neno Wenela, shirika lililoandikisha vijana wa kwetu kwenda migodi ya Johannesburg, hadi Tanganyika huru ilipoukomesha uandikishaji huo. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi.

Kiungo kingine ni cha imani. Katika Mpumalanga hiyohiyo, mwaka 1865, mmisionari Mlutheri Alexander Merensky alianzisha kituo cha Botshabelo, jina lenye maana ya mahali pa kukimbilia, kwa ajili ya Wakristo Wapedi waliofukuzwa kwao. Mwaka 1891 Merensky huyo aliongoza wamisionari wa Berlin hadi Unyakyusa. Kwa hiyo nchi iliyowachukua vijana wetu ndiyo pia iliyomfunza kazi mtu aliyetuletea Injili. Majina hayo mawili, Pumziko na Kimbilio, bado yanatuuliza swali: sharika zetu ni lipi kati ya hayo, na kwa nani?

Chunya, ambako dhahabu ya Lupa iligunduliwa miaka ya 1920, Geita na Kahama, vijana wanaendelea kuingia mashimoni. Duara likibomoka, mara nyingine anazikwa kijana ambaye wenzake wanamjua kwa jina la utani tu. Hapo ndipo kazi yetu. Mwinjilisti aulize jina lake kamili na kijiji chake. Yaandikwe katika kitabu cha usharika. Ujumbe upelekwe kwa mama yake. Kaburi lake lielekee kama ya wengine, hata kama alikufa akidaiwa, amelewa au akishukiwa wizi.

Dhahabu itakwisha, nasi hatujui ni vibao gani watakaokuja watavisoma katika miji yetu. Lakini kitabu cha usharika kiko mikononi mwetu leo. Bwana aliyewaita wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo hakuuliza kwanza wana kitalu gani.