Uchungu Hauna Wingi

Mjamzito wa wiki 38 kijijini Biharamulo akisema "nina uchungu", mama mkwe hajui bado kama aite bodaboda au ainjike chai. Neno hilo hilo ni la mwarobaini, la msiba na la mtu aliyedhulumiwa. Pwani wapo wanaoutenga ule wa kuzaa kwa kuuita utungu, na kamusi zimelipokea. Ila huku Kagera ukilitamka utaulizwa umetoka wapi.

Linalonisumbua zaidi ni ngeli. Uchungu hauna wingi. Machungu yapo, lakini hayo ni ya maisha, si ya leba (nayo leba, tangu tuiazime, imegeuka chumba: "yuko leba"). Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, Warundi na Wanyarwanda husema ibise, na kule Uganda, Waganda husema ebisa. Yote ni maneno ya wingi. Lugha hizo zimeshika jambo analolitafuta mkunga kwanza: uchungu wa kuzaa huja, huachia, hurudi, na kila unaporudi, muda wa katikati umepungua na nguvu zimezidi. Ndiyo maana muuguzi huweka mkono tumboni, akatazama saa, akahesabu umekuja mara ngapi katika dakika 10. Anahesabu kitu ambacho sarufi yetu haitaki kihesabiwe.

Neno hilo hilo limebebeshwa pia jina baya, "uchungu wa uongo". Nani amedanganya? Daktari Mwingereza John Braxton Hicks alikwisha kueleza mwaka 1872 kwamba kizazi hukaza na kulegea kwa vipindi muda wote wa ujauzito. Mikazo hiyo haina mpangilio, na mara nyingi hutulia mama akipumzika au akibadili mkao. Ni kweli tupu, ila si ya kujifungua. Mama aliyerudishwa nyumbani akiambiwa uchungu wake ni wa uongo, mara ya pili ataona haya kurudi.

Chupa ya uzazi, kwa upande wake, ni istilahi safi. "Chupa imepasuka": hata mtoto anaelewa kwamba maji yametoka na hayarudi. Hapo hakungojwi uchungu. Ni kwenda hospitali, iwe Biharamulo mjini au Murgwanza kwa walio Ngara, na maji yakiwa ya kijani ni haraka zaidi. Ute wenye michirizi ya damu huashiria mlango wa kizazi umeanza kulegea, na waweza kutangulia kwa siku kadhaa. Damu inayotiririka si ute. Hiyo ni hatari.

Mikazo ni neno lililopo tayari, lina umoja na wingi, na wanawake wenyewe husema "tumbo linakaza". Enyi mnaoandika mabango ya kliniki, uachieni uchungu kazi ya kutaja maumivu. Swali la bangoni liwe: tumbo limekaza mara ngapi katika dakika 10?